Lifti ya Sabato na tuhuma ya kumzunguka Mungu

Kila baada ya miezi michache video ile ya lifti hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba imepigwa jana. Ni lifti ya hoteli mjini Jerusalem, siku ya Jumamosi. Hakuna anayegusa kitufe. Mlango unafunguka wenyewe, watu wanaingia, lifti inapanda ghorofa moja, inasimama, inafunguka, inajifunga, inapanda nyingine, hivyo hivyo hadi juu, kisha inaanza kushuka. Siku hizi imeongezewa ndugu zake: friji yenye mpangilio wa Sabato, oveni inayojua kalenda ya Kiyahudi, swichi isiyowasha taa papo hapo. Maoni yanayofuata unayajua kabla hujayasoma. Mkristo atasema ndiyo maana Yesu aliwakemea Mafarisayo. Mwislamu atakumbusha kisa cha watu wa pwani waliotega nyavu Ijumaa ili wavue Jumapili wakaona wameshika Sabato. Mwingine atamalizia kwa emoji tatu za kicheko na maneno haya: jamaa wanamzunguka Mungu.

Naona tunacheka mahali pasipo. Sehemu kubwa ya vifaa hivi imetokana na sheria inayohukumu tendo la mtu, wala haijali raha anayoipata, na mwenye sheria hiyo hana sababu ya kuona haya. Zaidi ya hapo, lawama kali kuliko za kwetu zimo ndani ya vitabu vya marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, tangu karne nyingi, na hizo ndizo zinazostahili kusikilizwa. Haziulizi kama umegusa kitufe. Zinauliza hila hii inamfaa nani, na kama siku yenyewe imebaki.

Tuanze na sheria. Torati inakataza kazi siku ya saba lakini haifafanui kazi ni nini. Inataja mambo machache tu, kama kuwasha moto. Orodha kamili ilikuja katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa karibu mwaka 200, ambao unahesabu kazi kuu "arobaini kasoro moja". Marabi walizitoa katika ujenzi wa Hema la jangwani, kwa kuwa katika kitabu cha Kutoka amri ya Sabato imewekwa bega kwa bega na maelekezo ya Hema hilo: kila ufundi uliohitajika kulijenga ndio unaokoma siku ya saba. Kwa hiyo orodha ni ya mtu anayeigeuza dunia kwa mkono wake: kulima, kupanda, kuvuna, kupepeta, kuchambua, kusaga, kukanda, kuoka, kufuma, kufunga fundo, kushona, kuandika herufi mbili, kufuta, kujenga, kubomoa, kuwasha, kuzima, kupiga nyundo ya mwisho inayokamilisha chombo, kutoa kitu nyumbani na kukipeleka njia kuu. Jasho halimo. Mtu anaweza kusogeza meza nzito ndani ya nyumba yake mpaka fulana ikalowa asivunje Sabato, na akaivunja kwa kuwasha njiti moja ya kiberiti. Ndiyo maana ile hoja inayopendwa sana mitandaoni, kwamba kupanda ngazi ghorofa kumi na tano ni kazi kubwa kuliko kubonyeza kitufe, ni dhaifu kuliko zote. Inamhukumu mtu kwa sheria ambayo hajawahi kuwa nayo.

Ijumaa mchana katika nyumba ya Kiyahudi inayoshika sheria hufanana na Ijumaa ya Msabato wa Upare au Kisii, ila masharti yamekazwa zaidi. Mchuzi wa maharage, shayiri na nyama unabandikwa kabla jua halijazama, juu ya bamba la umeme lisilo na kitufe cha kupandisha moto, na utaliwa Jumamosi mchana ukiwa bado wa moto. Ile swichi ndogo ya mlango wa friji inabanwa kwa selotepu ili taa ya ndani isiwake mlango ukifunguliwa. Wengine wanafungua balbu kabisa. Karatasi za chooni zinachanwa mapema au zinanunuliwa zikiwa zimekwisha kukatwa, kwa sababu kuchana siku hiyo ni kazi. Taa za sebuleni zinategwa zizimike zenyewe usiku. Yote haya yana mwisho unaohesabiwa kwa dakika, na hapo watu wa ikweta tuna nafuu. Abayudaya wa vijiji vya karibu na Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanaona jua likizama karibu saa ileile mwaka mzima, na kwa miongo mingi waliishika Sabato bila swichi ya kubishania. London mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Mfanyakazi wa ofisini anayeshika Sabato kule lazima apatane na bosi wake mapema, la sivyo kila Ijumaa ya majira ya baridi ni ugomvi.

Umeme ulipoingia majumbani mwishoni mwa karne ya 19, marabi walikuta jambo ambalo halikutajwa popote. Balbu ya kwanza ilikuwa rahisi kuiamulia: ule uzi wa ndani ni chuma kinachoiva mpaka kinang'aa, na Musa bin Maimun, mwanazuoni wa Kiyahudi, katika karne ya 12 alikwisha andika kwamba anayekoleza chuma motoni ili akakitie makali majini amewasha moto. Lakini feni je? Simu je? Kengele ya mlango? Rabi Yitzchak Shmelkes wa Lviv alisema kuingiza mkondo kwenye waya ni kuzalisha kitu kipya, jambo lililokatazwa na marabi. Avraham Yeshaya Karelitz, aliyejulikana zaidi kama Hazon Ish, aliona kwamba kufunga saketi ni kujenga, kwa sababu waya uliokuwa mfu unakuwa kitu chenye uhai na kazi. Shlomo Zalman Auerbach, kijana wa Jerusalem aliyetoa kitabu juu ya umeme mwaka 1935, alipangua hoja hizo moja baada ya nyingine, akaonyesha kwamba pasipo joto la kung'aa hakuna katazo la Torati linaloshika sawasawa, kisha akamaliza kwa kusema desturi imekwisha kukubaliwa na isivunjwe. Mpaka leo Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoishika sheria hii kikamilifu, hawajakubaliana kwa nini, ingawa wamekubaliana kwamba usiwashe. Taa za LED, ambazo hazina uzi wa kuiva, zimeufufua ubishi wote upya. Vuguvugu la Conservative la Marekani, tawi la Kiyahudi lisilokaza kama Waorthodoksi, lilichukua njia yake mwaka 1950, likaruhusu taa, na hata kuendesha gari kwenda sinagogi kwa anayekaa mbali. Huo nao ni uamuzi wenye gharama, na wapo ndani ya vuguvugu hilo wanaoujutia, kwa sababu gari liliwaruhusu watu kuhamia mbali na sinagogi, na jirani wa kutembeleana naye kwa miguu akapotea.

Sasa zile nyavu. Anayeleta kisa cha watu wa pwani anagusa hoja nzito kuliko anavyodhani. Aya ya Surat al-A'raf inataja samaki waliowajia waziwazi siku ya Sabato yao na kutowajia siku nyingine. Habari ya kutega Ijumaa tunaipata kwa wafasiri. Mishna nayo inalo swali hilohilo, tena mwanzoni kabisa mwa sehemu inayohusu Sabato. Je, mtu anaruhusiwa kutandaza nyavu za samaki na mitego ya ndege Ijumaa ili inase usiku wa Sabato? Hapo walibishana wafuasi wa walimu wawili wa kale, Shammai na Hillel. Wafuasi wa Shammai walisema hapana, isipokuwa uwepo muda wa kunasa mchana ungalipo. Wafuasi wa Hillel waliruhusu, mradi jua halijazama wakati wa kutega. Na mjadala haukuishia kwenye samaki: wino uliolowekwa ujitengeneze usiku, kitani kilichowekwa tanurini, sufu iliyotumbukizwa kwenye rangi, nguo zilizopelekwa kwa dobi asiye Myahudi. Kwa Shammai chombo cha mtu nacho kina Sabato yake. Kwa Hillel amri imemwangukia mtu pamoja na mnyama wake, wavu haukuamriwa kitu. Sheria ilikwenda na Hillel, ingawa samaki aliyenasa hakutolewa wavuni mpaka Sabato itoke. Taa inayozimwa na saa iliyotegwa Ijumaa, mchuzi unaotokota usiku kucha, lifti iliyopangwa kabla ya magharibi, vyote vinasimama juu ya uamuzi huo wa miaka karibu elfu mbili. Mwislamu au Mkristo ana haki ya kusimama na Shammai; mimi mwenyewe nikimsoma naona ana heshima fulani ya siku ambayo Hillel ameilegeza. Lakini asimame akijua anajiunga na ubishi wa zamani wa wenyewe kwa wenyewe, akiacha kudhani kwamba ameugundua ujanja ambao wao hawakuuona.

Lifti yenyewe, hata kwa Hillel, haikupita kirahisi. Israeli ilipitisha sheria mwaka 2001 inayotaka majengo mapya yenye lifti zaidi ya moja yawe na mfumo wa Sabato katika mojawapo, na ungedhani suala limekwisha. Halikwisha. Rabi Levi Yitzchak Halperin, aliyeanzisha taasisi ya sayansi na sheria mjini Jerusalem, alikuwa ameichunguza lifti nati kwa nati na kutoka na jibu lililowashangaza wengi: kupanda hakuna shida, shida ni kushuka. Lifti ikipanda, abiria ni mzigo tu unaobebwa. Ikishuka, uzito wake unaisukuma mashine, unaipunguzia injini kazi, na katika mifumo mingine unageuza injini kuwa jenereta inayorudisha umeme kwenye jengo. Basi mwili wa abiria umetenda. Wengine walimjibu kwamba mtu aliyesimama kimya hatendi kitu, na kwamba uzito wake si tendo lake. Septemba 2009 marabi wakubwa wa Kiharedi, kundi linalokaza sheria kuliko Waorthodoksi wengine, akiwemo Yosef Shalom Elyashiv, walitoa tamko la kukataza lifti za Sabato baada ya kuelezwa na mafundi jinsi zinavyofanya kazi, na wazee wanaokaa ghorofa za juu wakaamka wamekatazwa kitu walichokitumia kwa miaka kwa ruhusa ya marabi wengine. Watu wanaotafuta njia ya mkato hawabishani kwa miaka mingi juu ya tofauti ya kupanda na kushuka.

Hoja yenye nguvu ya upinzani ni nia. Mungu, inasemwa, haangalii kidole, anaangalia moyo: ulitaka kufika ghorofa ya kumi, umefika, basi umetenda. Hii siipuuzi, lakini nayo inadai kitu ambacho haiwezi kukilipia. Kama kutaka tokeo kunatosha kuwa tendo, basi aliyebandika mchuzi Ijumaa amepika Jumamosi, na aliyepanda mbegu Alhamisi analima Sabato nzima kwa kuwa anatamani ziote. Sheria yoyote ya matendo lazima ichore mstari mahali fulani kati ya kutamani na kutenda, na marabi walichora mstari wao kwa uangalifu kuliko wengi. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inamtoa hatiani anayeburuta benchi bila kukusudia kuchimba mfereji ardhini, lakini haimtoi anayetaka kichwa cha kuku kiwe mchezo wa mtoto huku akisema hakukusudia kuua: umkate kichwa, asife? Kanuni hiyo inaziba mlango kwa mtu anayejificha nyuma ya nia yake wakati tokeo halikwepeki. Upande wa pili kuna kusababisha kwa mbali. Mishna inaruhusu, nyumba ikiungua siku ya Sabato, kupanga vyombo vyenye maji mbele ya moto ili vipasuke na kuuzima vyenyewe. Lakini Moshe Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, aliibana ruhusa hiyo: kusababisha kwa mbali ni kwa pale penye hasara, haikuwekwa kwa ajili ya starehe. Vifaa vya hospitali, simu za askari na viti vya magurudumu vya umeme vinavyobuniwa na Taasisi ya Zomet ya Alon Shvut vinafanya kazi kwa kanuni hii: mtu hatoi amri moja kwa moja, kifaa chenyewe huchunguza mara kwa mara kama kuna kilichobadilika, kisha hutenda baada ya muda. Mlemavu anakwenda sinagogi. Muuguzi anaandika kipimo.

Hapo ndipo unapoelewa kilichoipata ile swichi maarufu. Mwaka 2015 kampuni moja ya Marekani ilichangisha fedha mtandaoni kwa swichi ya nyumbani yenye kanuni hiyohiyo: unasogeza kipande cha plastiki kinachoziba mwanga, na taa itawaka baadaye, kwa muda usiotabirika, kama bahati nasibu. Kiufundi ilikuwa kazi safi. Marabi wengi waliikataa, na miongoni mwao walikuwemo watu wa Zomet, wale wale wanaobuni vifaa vya hospitali. Wanaowacheka wangetarajia waipokee kwa vigelegele, kwani ni hila iliyokamilika kuliko zote. Sababu ya kuikataa ndiyo ufunguo wa mjadala wote: kinachoruhusiwa kwa mgonjwa hakihamishwi sebuleni kwa sababu tu waya ni zilezile. Moshe Feinstein, mwamuzi mkubwa wa New York katika karne ya 20, alikwenda mbali zaidi, akapinga hata saa za kutega kwa mambo yasiyo taa, kwa hofu kwamba siku moja viwanda vizima vitafanya kazi Sabato huku wenye navyo wakiwa wamelala. Katika hili hakufuatwa na wengi. Hofu yake lakini haikuwa ya kijinga.

Hofu hiyo ina mzee wake. Nahmanides, rabi wa Girona huko Hispania, katika karne ya 13, aliandika maneno ambayo mtu yeyote anayekosoa vifaa hivi angeyaanzia. Inawezekana, alisema, mtu aziepuke kazi zote zilizokatazwa na bado ataabike mchana kutwa: apime nafaka, ahamishe mapipa na mawe kutoka chumba hadi chumba, na kama mji una ukuta na malango yamefungwa, soko lijae punda waliobebeshwa, maduka yawe wazi, fedha zihesabiwe juu ya meza, na hakuna katazo hata moja la Torati lililovunjwa. Kwa hiyo, akahitimisha, kuna amri ya pili, ya kupumzika kweli, inayosimama juu ya orodha. Ni yeye pia aliyemtaja mtu mwovu kwa ruhusa ya Torati, yule anayekula kila kilichoruhusiwa mpaka akawa mlafi bila kuvunja sheria. Talmudi yenyewe inalalamika kwamba vizazi vya zamani waliingiza mazao kwa mlango mkubwa ili yadaiwe zaka, ilhali vizazi vya baadaye wanayapitisha darini na uani ili wasidaiwe. Hakuna maoni ya mitandaoni niliyowahi kuyasoma yanayofikia makali ya hayo.

Lakini tabia hii ya kukwepa haikulaaniwa siku zote, na hapa ndipo wakosoaji wa ndani nao wanapaswa kuwa waangalifu. Hillel mwenyewe ndiye mwenye hila kubwa kuliko zote. Torati inafuta madeni kila mwaka wa saba, na inaonya kabisa kwamba usimnyime maskini mkopo kwa sababu mwaka huo umekaribia. Watu walinyima. Hillel akaweka hati, prozbul, ambayo mkopeshaji anaikabidhi mahakama madai yake kabla ya mwaka kuisha; na kwa kuwa kinachofutwa ni deni la mtu kwa mtu, la mahakama linabaki. Maneno ya amri yako palepale, tokeo limegeuzwa juu chini. Ila aliyenufaika ni maskini aliyekuwa anarudishwa mikono mitupu, na lengo la amri, kwamba asikose wa kumkopesha, limeokolewa kwa kuutoa mhanga ufutaji wa deni. Weka kando yake hati ya ubia ambayo benki za Israeli hufanyia kazi ili zisionekane zinatoza riba: mkopo unaitwa uwekezaji, riba inaitwa mgawo wa faida, na mwenye kukopa analipa kila mwezi kiasi kilekile ambacho angelipa popote. Zamani, mfanyabiashara alipokuwa kweli anashirikiana na mwenye mtaji, hati hiyo ilikuwa na nyama. Leo kwa mkopo wa kununua sofa imebaki mifupa. Msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam anaujua mjadala huu kwa jina lingine, kwa kuwa tangu 2008 benki za Kiislamu zimefunguliwa kwetu na swali la kama murabaha, yaani benki kununua kitu na kumuuzia mteja kwa faida, ni biashara au ni riba iliyovaa kanzu halijaisha misikitini. Wanazuoni wa Kihanafi waliandika vitabu vya hila; Ibn al-Qayyim katika karne ya 14 akazigawa, zinazomfikisha mtu kwenye haki na zinazobatilisha kilichokusudiwa na sheria, na hizo za pili akazishambulia bila huruma. Naye, kwa njia yake, alikuwa anauliza kile Nahmanides alichouliza: makusudio ya sheria yamepona au yameuawa kwa adabu?

Kwa kipimo hicho vifaa vya Sabato havisimami fungu moja. Lifti ya bibi wa miaka themanini anayekaa ghorofa ya tisa inamtoa kifungoni siku ambayo watu wanatembeleana; bila hiyo Sabato kwake ni upweke wa saa ishirini na tano. Kamba ya mpaka inayozunguka mtaa, ile inayoitwa eruv, inayogeuza barabara kuwa kama ua mmoja wa nyumba nyingi, inamruhusu mama kusukuma kigari cha mtoto kwenda sinagogi. Ya kaskazini-magharibi mwa London ilianza kutumika 2003 baada ya miaka ya vuta nikuvute na majirani, na kila wiki lazima mtu auzunguke mpaka wote akikagua kama hakuna waya uliokatika. Ukikatika na usirekebishwe, mtaa mzima unatangaziwa, na mama anabaki nyumbani. Huyo hamzunguki Mungu. Oveni inayomwezesha mtu kula chakula cha moto nayo sina ugomvi nayo. Swichi ya sebuleni inayolenga kuifanya Jumamosi isitofautike na Jumanne ni habari nyingine, na waliokataa walikuwa na haki.

Kuhusu uhai nitapita haraka, kwa sababu hapa hakuna ubishi ingawa mitandaoni hupotoshwa. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinasimulia watu wapatao elfu moja waliouawa mafichoni siku ya Sabato wakikataa kujitetea, na jinsi Matathia na wenzake walivyoamua kwamba haitakuwa hivyo tena. Marabi wakaiweka kanuni wazi: kuokoa roho kunaiweka Sabato kando, hata kama hatari ni ya kudhani tu. Musa bin Maimun akaongeza kwamba kazi hiyo isisukumiwe mtoto wala mtu wa taifa lingine. Ifanywe na wakubwa wa Israeli na wenye hekima wao, watu waone. Kwa hiyo daktari anayeendesha gari Jumamosi kwenda kumzalisha mjamzito hatumii mwanya wowote. Anatii.

Kinachonitia wasiwasi hakipo kwenye video. Nyumba mpya zinajaa vitambuzi. Taa ya ukumbi inawaka ukipita, bomba la maji linafunguka ukinyoosha mkono, mlango wa hoteli hautaki ufunguo bali kadi, kamera ya mlangoni inakurekodi ukisimama, mita ya maji inaandika kwa tarakimu kila ukinawa. Sheria iliyojengwa juu ya swali "mkono wako umefanya nini" inakutana na mashine isiyongoja mkono. Kuwepo kwako kunatosha. Ukipita na taa ikawaka, ni benchi la kuburuta au ni kichwa cha kuku? Hukukusudia, lakini ulijua itawaka. Wanaolegeza wanasema mwendo wa kawaida wa mtu hauwezi kuhesabiwa kuwa kuwasha, hasa kama mwanga hakuuhitaji. Wanaokaza wanasema tokeo halikwepeki na unanufaika nalo. Pande zote mbili zina mahali pagumu pa kufikia: ukisema kuwepo si tendo, basi nyumba itakayopika, kuwasha, kuagiza na kusafisha yenyewe kwa kukuona tu ni halali kabisa, na soko la Nahmanides limerudi likiwa limehamia sebuleni, ukisema kuwepo ni tendo, basi mtu mwenye kisukari aliyevaa kifaa cha kupima sukari, au mpangaji wa jengo ambalo hakulijenga, hawezi kutoka chumbani. Nadhani orodha ya kazi arobaini kasoro moja haitatosha kulijibu hili, na marabi watalazimika kuiegemea zaidi ile amri ya pili, ya kupumzika. Hiyo ni amri isiyopimika kwa saketi. Walishaionja mwaka 2020, wakati wa korona, baadhi ya marabi wa Kisefardi wa Israeli, wa Wayahudi wenye asili ya Hispania na Afrika Kaskazini, waliporuhusu familia ziunganishwe kwa Zoom usiku wa Pasaka mradi kompyuta iwashwe kabla ya sikukuu, kwa ajili ya wazee waliokuwa peke yao, na marabi wakuu wa nchi wakapinga. Kiufundi pande zote zilijua mfumo unafanyaje kazi. Walichobishania ni nini kitabaki baada ya korona kuondoka.

Na kuna jambo la fedha ambalo wachambuzi wengi huliruka. Mpangilio wa Sabato ulipoanza kuwekwa kwenye oveni za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, Star-K, taasisi ya marabi ya Baltimore, ilikaa na mafundi wa kiwanda, ikakagua kifaa, ikatoa cheti, mambo yakaisha. Friji inayopokea programu mpya kupitia intaneti inaweza kubadilika baada ya kukaguliwa, usiku, bila mwenye nayo kujua, na vitambuzi vyake havizimwi kwa selotepu. Familia yenye uwezo itanunua modeli yenye cheti na kulipa kila ikibadilishwa. Familia ya kipato cha chini katika nyumba ya kupanga itakuta taa za ngazi, mlango wa chini na mita ya maji vimekwisha kuchaguliwa na mwenye jengo ambaye hajui Sabato ni nini. Sheria ya 2001 ililifikiria hilo kwa lifti tu, tena ndani ya Israeli. Kwa Myahudi wa London au New York itabidi akamwombe mwenye nyumba wake, na mwenye nyumba atauliza kilekile kinachoulizwa chini ya video: kwani kupita tu kuna ubaya gani?